Mnara Unaofagia

Kila Jumamosi kabla ya mechi, watu elfu nane walisimama wima kuutazama mnara ukifagia.

Mnara huo ulikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, ulivaa raba nyeupe, na ulikuwa na tabia ya kutukana kwa sauti ya chini kila ulipofika kwenye kona. Jina lake lilikuwa Bi. Kalunde. Zamani, kabla hajawa mnara, alifunga pointi mia moja na tatu katika mechi moja ya mpira wa kikapu, akiichezea timu hii hii ya Nyuki wa Tabora, na tangu siku ile ufagio haukuwahi kumtoka mkononi.

Ufagio ulikuwa desturi ya Nyuki tangu timu ilipokuwa ya wasichana wa bweni, waliolishwa maharage yenye wadudu walionenepa kuliko wanafunzi. Mwenye rekodi ya kufunga ndiye aliyefagia uwanja, ili kichwa kisimvimbe. Akitokea wa kumpita, alimkabidhi ufagio, na kichwa kingine kikaanza kupunguzwa. Asiye mchezaji hakuruhusiwa kuushika, kwa hiyo kila msimu kocha alimwandikisha Bi. Kalunde kwenye timu, jezi namba nne, na kila msimu ligi ilicheka ikapiga muhuri. Ilikuwa desturi nzuri sana. Ila haikumtarajia Bi. Kalunde.

Nyamizi alisimama pembeni ya mstari pamoja na wenzake, mikono nyuma, akimwangalia bibi akiinama. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, na haikuwa ya njaa. Kwenye koti la bibi kulikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa: KUMBUKUMBU HAI. USIGUSE. Chini ya ngozi ya shingo yake iliwaka taa ndogo ya kijani. Nyuma yake, hatua kwa hatua, alitembea Bwana Chipeta wa Mamlaka ya Urithi, amevaa suti, akiitazama taa ile jinsi mtu anavyotazama mita ya maji.

Taifa lilikuwa limemaliza kuorodhesha mawe yake yote ya kihistoria, na kwa kuwa wataalamu walikuwa bado wanahitaji kazi, likaanza kuorodhesha watu. Mwenye rekodi isiyovunjika alitangazwa kumbukumbu, na kumbukumbu ilistahili matengenezo. Moyo wa Bi. Kalunde ulipochoka, Mamlaka ilimwekea mwingine, wa kutengenezwa kiwandani, ukiendeshwa kutoka ofisini kwao. Taifa likapiga makofi. Aya ya mwisho ya sheria haikusomwa na watu wengi. Ilisema kwamba rekodi ikipitwa, mwenye rekodi si kumbukumbu tena, na matengenezo yatasitishwa.

Bi. Kalunde alimaliza kona ya mwisho, akatukana, akatoka. Hapo ndipo sakafu ilipowashwa. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kupoteza umeme kwa ajili ya mfagiaji.

Ilikuwa sakafu yenye akili kuliko nusu ya marefa wa ligi. Ukiwa mchezaji na ukakanyaga ndani ya mstari, ilikusoma kuanzia unyayoni: mapigo, jasho, mfupa uliopasuka. Wande, rafiki yake Nyamizi, aliteguka kifundo wakati wa kupasha misuli, na duara la njano likawaka chini ya mguu wake, maumivu yakafa papo hapo. Refa alikuwa akimkagua mlinzi mrefu wa Kigoma, mwenye goti la chuma.

"Kifaa mwilini?"

"Goti."

"Limefungwa?"

Mlinzi alikanyaga ndani ya mstari. Taa ndogo gotini ikageuka buluu. "Limefungwa."

Nyamizi alikuwa amesikia maneno hayo katika kila mechi. Sheria ililetwa baada ya kocha mmoja kukamatwa jukwaani akiongeza kasi ya goti la mchezaji wake kwa simu. Tangu hapo kifaa chochote kilichomo mwilini mwa mchezaji kilishikwa na sakafu, kisiguswe na mtu wa nje, hadi mchezaji mwenyewe avuke mstari kutoka. Si kipenga kilichokuachia. Ni mstari. Ukiuvuka ulisikia msisimko kama wa mguu uliokufa ganzi, na mwili wako ulirudishwa kwako pamoja na matatizo yake yote.

"Pua ikoje leo?" Wande aliuliza, akijaribu kifundo chake.

"Pua ni nzima."

"Basi una hasira ya bure. Siku hizi huna hata mtihani wa kukwepa."

Huko bwenini Nyamizi alikuwa na kipaji cha kutoa damu puani kila alipotaka. Pigo moja la kifundo cha kidole, mahali anapopajua mwenyewe, na shati lote jekundu. Kidato cha pili alikosa majaribio ya hesabu manne, yote ya Jumatatu, na matroni aliwaandikia wazazi wake kuwasihi wampe mtoto maini.

* * *

Kufikia mapumziko alikuwa na pointi hamsini na sita, na uwanja ulikuwa umeanza kunyamaza.

Ulikuwa ukimya wa kistaarabu. Watu waliijua Adabu ya Mia. Haikuandikwa popote, lakini kila mchezaji aliyelelewa vizuri aliijua: ukifika mia, unaweka mpira chini, unaelekea ilipo kona ya bibi, unainamisha kichwa, unakwenda kukaa. Elfu nane wanakupigia makofi kwa kuwa hukumuua mtu. Kisha wananunua karanga na kurudi nyumbani wakiwa wamejaa wema.

Nyamizi hakwenda chumba cha kubadilishia. Alikwenda stoo ya vifaa, na Bi. Kalunde alikuwa humo, amekaa juu ya gunia la mipira, ufagio magotini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una ngapi?"

"Si umeona kwenye ubao."

"Nimeona. Nataka nikusikie ukitaja, nijue kama unaona aibu."

"Hamsini na sita." Alivuta pumzi. "Nitakaa nikifika mia."

Bi. Kalunde aliokota mpira mmoja, akaubonyeza, ukabonyea. "Huu hauna upepo," alisema. "Ukienda kukaa, kaa nao. Yule mchezaji, Sikudhani wa Lindi, yuko wapi siku hizi?"

"Nasikia anafundisha watoto kuogelea."

"Anafundisha kuogelea. Mkono ule, ambao Mungu aliutengeneza taratibu siku asiyokuwa na kazi nyingine, sasa unashikilia watoto wasizame. Alifika mia na moja. Akanitazama pale kwenye kona, akakaa chini katikati ya uwanja akalia. Wakampigia makofi, wakasema ana malezi. Mimi nilitaka kumtandika na ufagio."

"Ulitaka afanye nini?"

"Arushe mpira."

"Ufe?"

"Arushe mpira, nimesema. Kila msichana mzuri anayekuja hapa anafika mia, ananiangalia, halafu ghafla mikono yake inakuwa ya mpishi wa shule. Unajua uchungu wa kutazama mtu hodari akikosa kwa makusudi kwa sababu yako? Mimi nilicheza ili watoto waje wanipite. Wamenifanya geti."

Nyamizi alihisi damu inampanda hadi masikioni. Alikuwa amekuja kupewa ruhusa ya kuwa mwema, na sasa anagombezwa.

"Wewe ungekufa mara moja, Bibi," alisema. "Yule Sikudhani ndiye angeishi na jambo hilo kila siku. Angekuwa anaamka nalo, anapiga mswaki nalo. Hilo hujaliwaza. Magoti yamechoka kufagia, basi unatafuta mtoto wa watu akuue, halafu akishakuua umpe na ufagio."

Nje mtangazaji alikuwa akisifia soda.

"Hilo ni kweli," Bi. Kalunde alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na matusi. "Sikuliwaza. Nilijiwaza mimi."

Ni rahisi zaidi kumkasirikia mtu anayebisha.

"Usidhani nataka kufa," bibi aliendelea. "Napenda kuishi sana. Napenda asali, napenda usingizi wa mchana, napenda kumtukana Kocha Mihayo. Ninachokataa ni kulindwa dhidi ya watoto wazuri, kama jengo bovu. Nakuomba ucheze mpira tu."

"Kucheza mpira na kukuua ni kitu kimoja."

"Nani kavifanya viwe kitu kimoja? Mimi?"

"Hapana."

"Wewe?"

"Hapana."

"Basi tazama. Mimi na wewe tunakwaruzana stoo, na mwenye kitufe cha moyo huu anakula karanga jukwaani."

Kengele ya kurudi uwanjani ililia. Nyamizi alitoka bila kuaga, jambo ambalo bwenini lingemletea adhabu ya kufyeka. Alipovuka mstari kuingia, msisimko ulimpanda miguuni. Mbele yake refa alikuwa akimuuliza yule mlinzi wa Kigoma swali lile lile, kwa sura ile ile ya kuchoka.

"Limefungwa?"

"Limefungwa."

Nyamizi alisimama hapo muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

* * *

Robo ya nne, zikiwa zimebaki sekunde hamsini, alikuwa na mia na moja.

Hakuna aliyeelewa ilivyotokea. Alikuwa na tisini na nane, kila mtu akingoja arushe moja ya pointi mbili, afike mia, ainamishe kichwa. Badala yake alirudi nyuma ya mstari wa pointi tatu, akarusha bila hata kutazama kona, ukaingia. Elfu nane walivuta pumzi kwa pamoja. Akina mama wa jukwaa la mashariki walianza kumzomea, kwa heshima.

Kocha Mihayo aliomba muda wa mapumziko. Kabla hajafungua mdomo, Bwana Chipeta alikuwa ameshafika kwenye benchi, kibao chake cha kioo mkononi. Alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo lililomuudhi Nyamizi zaidi.

"Hongera sana, binti," alisema. "Umecheza vizuri mno. Sasa tumheshimu bibi yetu."

"Nikiendelea, utamuua?"

"Hapana, hapana. Hakuna anayemuua mtu hapa. Matengenezo yanasitishwa, basi. Moyo ni wa Mamlaka. Mamlaka inatunza kumbukumbu, na kumbukumbu iliyopitwa inakuwa historia. Historia ina idara yake."

"Idara hiyo ina mioyo?"

"Ina makabrasha."

"Na hicho kitufe kinabonyezwa na nani?"

"Mfumo unaleta ombi. Mimi nathibitisha tu."

"Usipothibitisha?"

Bwana Chipeta alimtazama kama vile ameulizwa itakuwaje Jumanne ikikataa kuja. "Sijawahi kutothibitisha," alisema.

Nyamizi alicheka, kicheko kibaya, cha puani. "Miaka yote hii watu wanatazama mikono yetu," alisema. "Wa Sikudhani, na sasa wangu. Tunalia, tunakaa chini, tunaacha mpira. Na hakuna hata mmoja aliyetazama kidole chako."

"Binti, mimi ni mtumishi."

"Najua. Na kidole kimenawiri vizuri."

"Nyamizi," Kocha Mihayo alisema. Jasho lilimtiririka kwenye upara. "Tunaongoza kwa mbili. Kaa. Wande atamaliza. Sitaki kubeba jambo hili na sitaki ulibebe wewe."

"Kocha, Bibi ni jezi namba ngapi?"

"Nini?"

"Jezi yake."

"Nne. Unajua ni nne."

"Na mchezaji akitoka damu anafanyiwa nini?"

"Anatolewa hadi ikate. Kila mtu anajua. Hata kama ni..." Kocha alikatisha. "Hata kama ni mtupo wake huru. Aliyeingia ndiye anayeurusha."

"Na aliyeingia akiwa na kifaa mwilini?"

Mihayo, kabla hajawa kocha, alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ile ile, kidato kile kile. Aliitazama pua ya Nyamizi kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana sokoni na mwizi wake wa zamani, na mwizi amevaa shati lake.

"Majaribio manne," alinong'ona.

"Ndiyo, mwalimu."

"Nilikuombea. Niliwaambia darasa zima wakuombee."

"Samahani, mwalimu."

Bwana Chipeta aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitabasamu kwa adabu, kama mgeni anayesubiri watu wamalize kusemezana kwa kilugha chao.

"Nenda ukacheze," Mihayo alisema.

* * *

Kigoma walirusha wakakosa, na Nyamizi akapokea pasi upande wa kushoto, akadunda mara mbili, akaingia katikati. Mlinzi mwenye goti la chuma alimkumba kifuani wakati mpira umeshaondoka mkononi. Ukaingia. Filimbi ikalia. Mia na tatu, sawa kabisa na bibi, na mtupo huru mmoja juu.

Ubao wa matokeo uliandika 103, kisha ukaganda, kana kwamba nao umepewa maelekezo. Hakuna aliyezomea tena. Watu walikuwa wamesimama. Katika kona yake Bi. Kalunde naye alikuwa amesimama, ufagio kando yake kama mkuki, na kichwa chake kilikuwa kikimwashiria jambo moja tu: rusha.

Refa akampa mpira.

Nyamizi aliudunda mara moja. Akainua mkono kana kwamba anafuta jasho, na kifundo cha kidole kikaipata pua mahali pake pa siku zote. Macho yalijaa machozi. Kwa sekunde nzima hakikutoka kitu, na alifikiri kwamba utu uzima umemnyang'anya kipaji pekee alichozaliwa nacho. Kisha ikaja, ya moto, mdomoni, kidevuni, kwenye jezi. Tone likaanguka juu ya mpira. Sakafu ikawasha duara jekundu chini yake, kwa kuwa damu ilikuwa damu na sakafu haikuwahi kusoma bweni.

Filimbi. "Atoke," refa alisema. "Nyuki, mbadala."

"Namba nne," Kocha Mihayo alisema. Akapaza sauti, akarudia. "Namba nne, Kalunde."

Refa alipitisha kidole kwenye orodha ya mezani, akafika kwenye jina, akainua kichwa. "Huyu ni mnara."

"Ni mchezaji. Muhuri wa ligi uko hapo, mwaka huu na miaka yote."

Bi. Kalunde hakuwa ameelewa bado, lakini jina lake lilikuwa limeitwa na kocha, na mwili wake uliijua sauti hiyo kabla ya akili. Aliuegemeza ufagio kwenye meza. Alivua koti lenye kibao cha shaba, akamtupia Bwana Chipeta, ambaye alilidaka. Chini ya koti alikuwa na jezi. Aliivaa kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Walikutana mstarini. Nyamizi alikuwa amebana pua.

"Ukishaingia usivuke mstari, Bibi. Hata iweje."

"Kwa nini?"

"Sakafu itakushika. Kama goti la yule."

Bi. Kalunde aliitazama sakafu aliyoifagia nusu ya maisha yake na ambayo haikuwahi kuwashwa kwa ajili yake. Kisha akacheka, na katika kicheko hicho mlikuwa na tusi moja la hali ya juu.

"Kifaa mwilini?" refa aliuliza. Hakujua aulize nini kingine.

"Moyo."

Alikanyaga ndani. Taa ya shingoni ilipepesa, ikazima kwa muda ambao Nyamizi hataki kuukumbuka, kisha ikawaka tena. Buluu.

"Umefungwa," Bi. Kalunde alisema.

Alirusha mtupo ule kwa mikono miwili, kutoka chini, katikati ya magoti, mtindo ambao vijana waliuona kwenye picha za zamani tu. Mpira ulizunguka ukingoni kama mtu anayetafuta kiti, ukaingia. Kelele iliyotoka jukwaani haikuwa ya kistaarabu hata kidogo.

Kigoma walileta mashambulizi. Mlinzi mwenye goti la chuma alipata njia nyeupe hadi chini ya kikapu, na hapo akamkuta Bi. Kalunde amesimama, mikono kiunoni, akimuuliza kama mama yake hajambo. Msichana alisita. Maisha yake yote alikuwa amesoma kibao kile: USIGUSE. Alijaribu kumzunguka, miguu ikagongana, mpira ukatoka nje.

Nyamizi aliingia tena badala ya Wande, pamba puani, zimebaki sekunde kumi na nane.

Sasa hapakuwa na mtego tena wa kutegua, palikuwa na yeye tu. Sheria aliyoitegemea ilitungwa kwa ajili ya goti la mtu mwingine. Pengine Mamlaka ilikuwa na mlango wa nyuma. Pengine taa ya buluu ilikuwa taa tu. Angeweza kuudunda mpira hadi muda uishe, wabaki sawa na bibi, mia na tatu kwa mia na tatu, na watu wangesema ana malezi. Mpira ulikuwa kwa Bi. Kalunde. Alikuwa ameukumbatia na hakutaka kumpa mtu yeyote.

"Njoo uchukue," bibi alisema.

"Sina uhakika, Bibi."

"Nami sina. Una hasira?"

"Ninayo."

"Na nani?"

Nyamizi alimtazama Bwana Chipeta kando ya benchi. Bi. Kalunde alimpa pasi, ya kifuani, kali, iliyouma viganja. Nyamizi akainuka akarusha.

Alipokuwa bado hewani aliona mambo mawili. Aliuona mpira ukipita katikati ya nyavu. Na aliona, kando ya benchi, kidole cha Bwana Chipeta kikishuka juu ya kioo. Hakikusita hata kwa kiasi ambacho mtu husita kabla ya kuzima taa ya chooni.

Mia na tano.

Elfu nane waliangalia shingo ya mwanamke mmoja. Buluu ilipepesa. Buluu ikatulia.

Bwana Chipeta alibonyeza tena. Kutoka alipokuwa, Nyamizi aliweza kusoma maandishi mekundu kwenye kioo: KIFAA HAKIPATIKANI. MCHEZAJI YUMO MCHEZONI. Alibonyeza mara ya tatu, kwa upole ule ule, na kengele ya mwisho ikalia. Nyuki walikuwa wameshinda, habari ambayo haikumgusa mtu yeyote.

Mlinzi wa Kigoma alianza kuelekea mstarini, akasimama, akageuka kumtazama bibi. Akakaa chini pale pale alipokuwa, goti lake la chuma limenyooka mbele yake. Wenzake wakakaa. Kocha Mihayo alileta kiti kutoka kwenye benchi, akakiweka katikati ya duara la kati, akakipangusa kwa kiganja. Bi. Kalunde aliketi juu yake kama mtu anayesubiri chai. Jukwaani hakuna aliyeondoka. Akina mama wa mashariki, wale wazomeaji, walikuwa wameanza kumzomea Bwana Chipeta, na safari hii bila heshima.

"Mchezo umekwisha," Bwana Chipeta alisema. Alikuja hadi mstarini, koti la bibi limening'inia mkononi, akasimama ncha ya kiatu ikiwa imeugusa. "Bibi, tafadhali. Tusiaibishane. Utatoka tu. Usiku utaingia. Utahitaji hata kwenda msalani."

"Ndoo zipo," Kocha Mihayo alisema.

Nyamizi alimtazama bibi kwenye kiti kile, na hasira yake ikageuka ikamtazama yeye mwenyewe. Alikuwa amemtoa kwenye makumbusho, akamweka ndani ya mstari mweupe.

"Nimekufunga hapa, Bibi," alisema. "Mita ishirini na nane kwa kumi na tano. Siyo nilivyotaka."

"Ni pana kuliko ofisi ya huyu," Bi. Kalunde alisema. "Na humu nimeingia kwa kuitwa jina. Leta ufagio."

Wande aliuchukua mezani, akaupitisha juu ya mstari. Bi. Kalunde aliushika mara ya mwisho, akaung'oa unyasi mmoja uliokatika, akampa Nyamizi kwa mikono miwili, kama walivyofanya wasichana wa zamani wa maharage. Mpini ulikuwa umelika mahali pa vidole, na vidole vya Nyamizi viliingia humo bila kutafuta.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

Bi. Kalunde alizungusha macho kwenye sakafu yote, taratibu, kona hadi kona, kwa jicho la mtu anayejua kila vumbi linapojificha. Kisha akanyoosha kidole kwenye mstari, kwenye ncha ya kiatu kilichong'arishwa vizuri sana.

"Pale," alisema. "Na usifagie polepole."